Otilia Aulizia Kufukuzwa Kabla ya Kuajiriwa

Dunstan aliuvuta mkataba kutoka chini ya mkono wa Otilia kwa nguvu, hata ncha ya kalamu ikachora mstari mrefu juu ya meza.

"Umeuliza nini?"

"Nimeuliza, siku mtakayoniachisha kazi itakuwaje."

Mliosoma wiki jana na mkakasirika kwamba nimewakatia utamu, haya, kasirikeni tena, maana leo ni vibaya zaidi. Ambao hamkusoma, nawapa kwa ufupi. Otilia Ndunguru ni bibi shamba wa chama cha ushirika hapa Mbinga. Amepanda na kushuka milima ya Umatengo tangu akiwa msichana, akiwafundisha watu kupogoa mibuni, na hakuna kijiji cha kahawa kisichomjua. Lakini tangu serikali iruhusu wanunuzi binafsi, ushirika umekuwa kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Ndipo ikaja kampuni ya Nyota ya Kusini na uzio wake mpya wa mabati, lori lake, na meneja wake kijana kutoka Dar es Salaam, Bwana Dunstan.

Kampuni iliahidi nusu ya bei sasa na nusu nyingine mwezi Machi. Wakulima wa kijiji cha Kingerikiti wakasikiliza, wakakuna vichwa, wakajibu neno moja: "Akijiunga Bibi Shamba, tutapakia kahawa."

Ndiyo maana Otilia akapewa kazi. Msimamizi wa ununuzi. Mshahara mnono. Nyumba ya matofali yenye bomba la maji ndani.

Yote yalikwenda vizuri hadi ukurasa wa mwisho. Hapo paliandikwa kwamba kampuni inaweza kumwachisha mtumishi siku yoyote bila notisi, naye atatoka kwenye nyumba siku hiyohiyo. Tena akishatoka, asifanye kazi ya kahawa na mtu mwingine yeyote katika wilaya nzima ya Mbinga kwa misimu mitatu.

"Mama," alisema Dunstan, akiukunja mkataba taratibu, "mimi nimeajiri watu Dar, nimeajiri watu Moshi. Mtu huuliza mshahara. Huuliza likizo. Wewe unaulizia kufukuzwa? Au unapanga kuiba?"

"Sipangi kuiba. Napanga kula."

"Ni kama bibi harusi anayeulizia talaka mbele ya padri."

"Sisi Wakatoliki hatuna talaka, Bwana Dunstan. Ninyi mnayo. Iko hapo, ukurasa wa nne."

Dunstan alitaka kucheka, akaghairi.

"Na hii misimu mitatu," Otilia aliendelea. "Kazi niijuayo ni kahawa. Mkinitoa na kunifungia wilaya nzima, nifanye nini? Nikaanike dagaa wa usipa ziwani?"

"Mumeo si mtu wa ziwani? Atakufundisha."

Otilia aliliacha tusi hilo lipite. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kwa mazungumzo haya, na hakutaka kuyapoteza kwa hasira.

"Nataka notisi ya miezi mitatu. Nyumba mniachie hadi shule zifungwe, kwa sababu binti yangu anasoma hapa. Hicho kifungu cha misimu kifutwe. Na kiinua mgongo kiandikwe, hata kama ni kidogo, tutaelewana."

"Hayo yote nakupa. Una neno langu."

"Nashukuru kwa neno lako. Liandike."

"Ndiyo shida yenu watu wa ushirika!" Dunstan alipiga meza. "Karatasi, karatasi, karatasi. Hii ni biashara huria, mama. Watu wanaaminiana."

"Kama tunaaminiana, mbona ninyi mmeandika kurasa nne?"

Nje mtu alikuwa anakokota gunia tupu.

Kisha Dunstan akauliza kwa sauti laini, ile laini ambayo ingemfanya hata paka asimamishe manyoya: "Barua ya kuacha kazi ushirika, ulipeleka?"

"Jana. Si ulisema mkataba hautatoka mpaka niipeleke?"

"Vizuri." Akatabasamu. "Kwa hiyo huna pa kurudi."

Otilia alihisi uso unamwaka. Kumbe lile lilikuwa zizi, naye ameingia mwenyewe na kufunga mlango nyuma yake!

"Saa tisa," alisema Dunstan. "Uje usaini mkataba kama ulivyo, au usije. Yuko mtu hapo nje anaitaka kazi hii bila swali hata moja."

Otilia alifungua mlango kwa nguvu. Alitaka kumwona mtu huyo asiye na maswali.

Alimwona.

Alikuwa ameketi kwenye benchi, amevaa tai, viatu vimepakwa rangi hadi vinang'aa, mikono juu ya magoti kama anayesubiri komunyo. Alikuwa Adrian. Mdogo wake. Tumbo moja, ziwa moja.

"Adrian!"

"Shikamoo, dada."

"Usiniamkie! Umefuata nini hapa?"

"Nimefuata kazi."

"Hii kazi nilikuambia mimi. Jumapili, nyumbani kwangu, unakula ugali wangu!"

Adrian aliinuka. Hakuwa mtu mbaya, msomaji, nisije nikakudanganya. Alikuwa karani wa ghala la ushirika hadi ghala lilipofungwa, na tangu hapo amekuwa akitembea mjini na vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki.

"Dada, wewe umekataa."

"Sijakataa. Najadiliana."

"Unajadiliana nini? Mtu anakupa kazi, wewe unajadili atakavyokufukuza. Mimi hata wakinifukuza baada ya Krismasi, watoto watakuwa wamekula Krismasi."

"Na wakikukataza kufanya kazi popote baada ya hapo?"

"Sasa hivi nafanya kazi wapi?"

Hakuna kitu kinachouma kama jibu lisilo na jibu.

"Adrian!" sauti ya Dunstan iliita kutoka ndani. "Ingia."

Mdogo mtu akaingia. Mlango ukafungwa.

*

Otilia alitembea kuelekea sokoni bila kuona anakokwenda. Ilikuwa Agosti, upepo wa Mbinga unakata masikio, lakini yeye alikuwa amelowa jasho. Alipofika penye kona, lori la kutoka ziwani lilikuwa linashusha abiria, na juu ya lori hilo, akiwa ameshikilia kitanda cha mbao kisianguke, alikuwa mume wake.

"Mama Avelina!" Cuthbert alipaza sauti kwa furaha. "Nimekuja na vyote!"

Kweli vyote. Kitanda. Kabati. Viti vinne alivyovichonga kwa mkono wake. Sanduku la randa na patasi. Cuthbert ni fundi seremala wa Lipingo, wa ukoo wa Kianglikana ambao haujawahi kuhama pwani ya ziwa tangu wazee wao waanze kuimba zaburi. Kwa miaka mingi ndoa yao imekuwa ya kupanda na kushuka mlima: mke Mbinga kwa kazi, mume Lipingo kwa kazi, wanakutana sikukuu. Nyumba ya kampuni ndiyo ingewakutanisha.

"Karakana nimemwachia binamu yangu," alisema akiruka chini. "Nimeaga kanisani. Wameniimbia. Haya, nyumba iko wapi?"

"Baba Avelina..."

"Ina veranda? Nataka kuweka benchi langu la kazi verandani."

"Sijasaini."

Cuthbert alimwangalia kama mtu aliyesikia lugha ya mbali.

Otilia akamweleza. Alimweleza pale pale barabarani, kitanda kikiwa kati yao, utingo wa lori akiwaharakisha washushe kabati. Cuthbert alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno yanayofanana na yale Otilia aliyoyasikia asubuhi ile ile kutoka kwa Adrian:

"Kwa hiyo umekataa kazi kwa sababu ya siku ambayo haijafika?"

"Itafika!"

"Umejuaje?"

"Kwa sababu wameiandika! Mtu hakuandikii jinsi atakavyokutoa nyumbani kama hajawahi kuifikiria siku hiyo! Wao wameifikiria, mimi nikiifikiria naitwa mwendawazimu!"

Watu waligeuka. Mama mmoja muuza maharage aliacha kupepeta.

Cuthbert alikaa juu ya kitanda chake katikati ya barabara. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Wameniimbia, Mama Avelina," alisema polepole. "Ile ya kuaga. Beti zote."

Otilia alijua asipofanya kitu mara moja atalia, na hakuwa tayari kulia mbele ya soko. "Kaa hapa," alisema. "Nakwenda ushirika. Naichukua barua yangu."

*

Mzee Urbani, katibu wa ushirika, alikuwa peke yake ofisini, amejifunika shuka mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuaga rasmi?"

"Nimekuja kuomba barua yangu."

Mzee alivua miwani. Aliisugua kwenye shuka, akaivaa, akaivua tena.

"Otilia. Kwa nini hukuniuliza jana kabla ya kuniwekea barua mezani? Mwezi ujao tunapunguza watu. Aliyepunguzwa anapata kiinua mgongo chake na nauli ya kurudi kwao. Aliyeacha mwenyewe hapati kitu."

"Hukuniambia!"

"Ilikuwa siri ya mkutano. Nami nilifurahi kwa ajili yako. Nilisema, huyu angalau amepata."

Otilia alishika ukingo wa meza. Siku nzima kila mlango anaogusa unafungwa usoni pake.

"Basi nirudishe, baba. Nipunguze pamoja na wengine."

"Siwezi." Sauti ya mzee ilikuwa imechoka. "Niliagizwa idara yako itoe mtu mmoja mara moja. Nilikuwa nimemwandika Restituta."

Restituta alikuwa mpiga chapa wa idara, mjane, mwanamke mwenye mguu mmoja mfupi aliyefika kazini kabla ya wote kwa sababu alitembea polepole.

"Barua yako ilipokuja, nikalifuta jina lake," alisema Mzee Urbani. "Nikamwita. Nikamwambia amebaki. Alipiga magoti hapo ulipo. Sasa niambie nikurudishe, nimwite tena nimwambie nini?"

Sijui ninyi mngesema nini. Otilia alimwamkia tena mzee bila sababu, kwa kuchanganyikiwa, akatoka.

*

Saa tisa alikuwa mbele ya meza ya Dunstan. Adrian hakuwepo kwenye benchi. Landrova ya kampuni pia haikuwepo uani. Otilia aliyaona hayo yote mawili, lakini hakuyaunganisha. Angeyaunganisha, hadithi hii ingekuwa nyingine.

Cha ajabu ni kwamba Dunstan hakuwa yule wa asubuhi. Tai ilikuwa imelegea. Alikuwa ameketi karibu na simu, na simu hiyo ilionekana kumfanyia jambo baya.

"Kaa, mama. Tafadhali kaa. Unakunywa chai?"

"Nimekuja kwa ajili ya mkataba."

"Ndiyo, mkataba." Alipangusa paji la uso. "Wakubwa wamepiga simu. Wanauliza lori la Kingerikiti limekaa bure kwa nini. Niseme ukweli: bila wewe halipakii. Sema unachotaka."

Otilia alikaa wima.

"Nilichosema asubuhi."

"Notisi ya miezi mitatu?"

"Andika."

Akaandika.

"Nyumba hadi shule zifungwe. Haya. Kifungu cha misimu mitatu, nakifuta, ona, nimekikata. Kiinua mgongo, mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Umeridhika?"

"Bado kimoja."

"Mama!"

"Kama kampuni yenyewe itafunga na kuondoka, haya yote yaendelee kuwa deni, na aandikwe mtu wa kuyalipa."

Kalamu ya Dunstan ilisimama.

"Kampuni haiondoki."

"Basi kuandika hakuna gharama."

"Hilo siwezi."

"Kwa nini?"

"Siwezi tu! Nimekupa nyumba, nimekupa notisi, nimekupa yote. Mambo ya mwakani hayanihusu."

"Wewe ndiye meneja. Mambo ya mwakani hayakuhusu vipi?"

Dunstan aliangalia dirishani. Kwa mara ya kwanza Otilia aliona jinsi alivyo kijana, na jinsi kola ya shati lake ilivyogeuzwa na kushonwa upya.

"Mkataba wangu mimi unaisha Desemba," alisema. "Mimi sikuuliza lolote. Nilisaini siku ileile, nikapanda basi."

"Na uzio huu? Ghala hili?"

"Tumekodi hadi Desemba."

Otilia hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kampuni inaondoka Desemba. Nusu ya pili ya bei ya wakulima inalipwa Machi. Machi hapa patakuwa na mabati na nyasi!

Alikuwa amekuja kuuliza watakavyomwondoa yeye, akajibiwa watakavyoondoka na mavuno ya Kingerikiti nzima.

"Bwana Dunstan," alisema taratibu, "unajua wale wazee wanasomesha watoto kwa kahawa hiyo? Unajua wameikataa bei ya ushirika kwa sababu ya jina langu?"

"Mimi ni mwajiriwa, mama. Kama wewe." Akausukuma mkataba mbele yake. "Nitaandika na hicho chako cha mwisho. Nitaandika! Wakinifukuza wanifukuze. Wewe utakuwa salama, hao wengine kila mtu atajua lake. Saini."

Akaandika kweli. Akapiga mhuri. Vyote alivyovitaka Otilia tangu alfajiri vilikuwa hapo, kwa wino, mbele ya macho yake. Nyumba. Veranda ya Cuthbert. Shule ya Avelina.

Aliusoma mara ya kwanza. Aliusoma mara ya pili.

Ndipo honi ikalia nje.

Dunstan aliruka dirishani. Lango la mabati lilikuwa linafunguliwa. Landrova iliingia mbele, na nyuma yake, likiwa limeinama kwa uzito, limejaa magunia hadi juu na watu juu ya magunia, likaingia lori la Kingerikiti.

Limepakia!

Dunstan aligeuka. Uso wake ulikuwa umerudi ule wa asubuhi. Akaja mezani kwa hatua mbili, akauchukua mkataba kutoka mbele ya Otilia kwa mara ya pili siku hiyo, akauchana katikati, kisha akauchana vipande vipande.

"Ulichelewa kusoma, mama."

*

Uani Adrian alikuwa anashuka kwenye Landrova. Kichwani alikuwa na kofia mpya ya kampuni yenye nyota. Alipomwona dada yake akitoka ofisini, alitazama chini.

Kutoka juu ya lori mzee mwembamba aliteremka kwa uangalifu, akijishikiza kwenye kamba. Alikuwa Mzee Bernadi, kiongozi wa wakulima wa Kingerikiti, mtu ambaye Otilia alimsaidia kung'oa mibuni yake yenye ugonjwa na kupanda upya miche yote kwa mikono.

"Bibi Shamba!" alicheka. "Tumekuja. Tulikuwa na mashaka kidogo, lakini mdogo wako ametutoa mashaka."

"Shikamoo, mzee wangu. Amewaambia nini?"

"Kwamba umesaini. Kwamba utakuwepo wewe mwenyewe hadi malipo ya mwisho. Ametuapia kwa kaburi la mama yenu, na mimi nilikuwepo tulipomzika, kwa hiyo nikawaambia wenzangu, pakieni."

Otilia aligeuka kumtazama Adrian. Adrian alikuwa anachezea kitufe cha shati.

Dunstan alikuwa amesogea hadi begani kwake. Alinong'ona bila kuondoa tabasamu: "Nyamaza tu, mama. Dakika kumi tu unyamaze, wapakue, na kazi bado ni yako. Mkataba ule wa kwanza. Nyumba leo hii. Ukisema neno moja, huna kazi, huna ushirika, huna pa kulala, na mdogo wako wakulima hawa watamtafuna mbele yako."

Vibarua walikuwa wamekwisha kufungua ubao wa nyuma wa lori. Gunia la kwanza lilikuwa begani mwa mtu, linakwenda kwenye mzani mkubwa uliokuwa chini katikati ya ua.

Fikirini nafasi ya mwanamke huyu. Barabarani mume amekalia kitanda. Ushirika nafasi imefungwa. Akisema, anamvua nguo ndugu yake hadharani. Asiposema, mwezi Machi watu watapanda kutoka Kingerikiti kuja kuulizia haki yao, na jina watakaloliita langoni ni lake.

Otilia alitembea. Alimpita yule kibarua, akapanda juu ya bamba la mzani, akasimama hapo na miguu yote miwili. Sindano iliruka, ikatetemeka, ikatulia kwenye uzito wake.

"Mama, shuka," alisema kibarua. "Nimebeba mzigo."

"Rudisha garini."

"Bibi Shamba?" Mzee Bernadi alikunja uso. "Kuna nini?"

"Mzee wangu, sijasaini."

Juu ya lori wanawake waliacha kukung'uta kanga zao.

"Sijasaini," Otilia alirudia, sasa kwa sauti ya kufika hadi juu ya magunia. "Nimeomba leo mchana waandike kwamba wakiondoka watalipa wanachodaiwa. Wameandika, kisha wamechana. Pango la uzio huu linaisha Desemba. Ninyi mmeambiwa Machi. Mimi sijui zaidi ya hapo, na hayo ninayoyajua nimewaambia."

Mzee Bernadi alimgeukia Adrian polepole sana. "Uliapa kwa kaburi."

Adrian alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa Landrova.

"Geuza gari!" mzee alipaza sauti kwa dereva. "Tunarudi!"

"Funga lango!" Dunstan alipaza sauti kubwa zaidi. Mlinzi akalikimbilia lango, mabati yakagongana, komeo likaanguka. "Hakuna gari linalogeuka! Lori ni la kampuni, mafuta ni ya kampuni. Na kahawa ikishavuka lango hili, ni ya kampuni!"

"Haijapimwa," alisema Otilia kutoka juu ya mzani. "Kahawa isiyopimwa ni ya mwenye gunia. Hata wewe unalijua hilo."

"Basi itapimwa sasa hivi!"

"Itapimwaje?" Otilia akakaa chini. Alikunja miguu juu ya bamba la chuma, akalikusanya gauni lake, kama mtu aliyeketi uani kwake kuchambua mchele. "Mzani una mtu."

Mwanamke mmoja juu ya lori alicheka. Kisha akashuka. Akaja naye akakaa kwenye mzani, ubavuni kwa Otilia. Akaja wa pili. Sindano ilikuwa inaruka kama yenye homa.

Dunstan alikimbia ofisini. Kupitia dirishani walimsikia akizungusha simu, akiomba polisi, akitaja wizi, akitaja fujo. Kisha akatoka, jasho likimtiririka, akanyoosha kidole. Hakukielekeza kwa Otilia wala kwa Mzee Bernadi.

"Adrian! Wewe ni mtumishi wa kampuni. Umesaini asubuhi, mkataba ninao mezani. Kazi yako ya kwanza ni hii: mtoe dada yako kwenye mzani."

Macho yote yakamwangukia Adrian.

"Bosi..."

"Mtoe, au vua kofia utoke!"

Adrian alisogea. Watu walimpisha. Alikuja hadi mbele ya mzani, akainama, karibu kabisa, hata Otilia akasikia harufu ya sabuni aliyoogea alfajiri kwa ajili ya siku hii. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Shuka. Nakuomba. Usinifanyie hivi siku ya kwanza."

Otilia alimtazama mdogo wake. Hakukuwa na hasira tena usoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha Adrian kuliko yote.

"Nijibu kitu kimoja," alisema. "Walipokupa karatasi asubuhi, uliuliza wakikutoa watakupa nini?"

Nje ya lango gari la polisi lilisimama.

Adrian akamshika dada yake mkono.